Sarufi sahihi, kauli kombo: Kwa nini vijana wa Diani wafunzwe adabu ya Kiingereza kupitia mtandao

TUSEME kijana mmoja wa Ukunda, mwongoza watalii, anapokea ujumbe kwenye simu yake kutoka kwa mgeni aliye Ulaya. Mgeni anauliza kama yeye na wanawe wanaweza kupelekwa Kisite-Mpunguti kutazama pomboo, na safari hiyo itamgharimu kiasi gani.

Kijana anataja bei kisha anaongeza: "You must pay the deposit first. Send it today." Mgeni hajibu. Siku mbili baadaye kijana anaandika tena: "Why are you silent?" Kimya kinazidi.

Mwalimu wa Kiingereza akipewa sentensi hizo tatu azisahihishe, hatapata pa kutia kalamu nyekundu. Vitenzi viko sawa na tahajia haina dosari. Hata hivyo, sentensi hizo zimempotezea kijana riziki, kwa kuwa mgeni amezisoma kwanza kama amri, kisha kama karipio.

Kijana hakukusudia lolote kati ya hayo mawili. Kwa Kiswahili angesema, "Itabidi ulipe arubuni kwanza," na baada ya siku mbili angeuliza, "Mbona kimya?" Baina ya wenyeji wa Pwani, kauli hizo hazimuudhi mtu. "Mbona kimya?" hasa ni neno la kujaliana, huulizwa rafiki aliyepotea, si mdaiwa anayekwepa.

Mfano huo ni wa kuonyesha tu, lakini hali inayoelezwa ndiyo inayowakabili wengi wanaotafuta riziki kwa Kimombo kuanzia Diani hadi Msambweni na Shimoni. Shuleni walifunzwa kusema kwa usahihi. Jinsi maneno yao yanavyopokelewa na msomaji aliye mbali ni somo ambalo halikutiliwa mkazo.

Zamani upungufu huo haukuwa na madhara makubwa. Mwenyeji na mgeni walikutana kwanza mchangani, au kwenye ukumbi wa hoteli. Ulimi ulipoteleza, tabasamu liliokoa. Mgeni aliyeambiwa "You sit here" aliona mkono uliomvutia kiti na uso uliomkaribisha, akaelewa kwamba hajaamrishwa.

Mambo yalibadilika baada ya nyaya za mawasiliano za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka wa 2009. Intaneti ilipata kasi, simu za kisasa zikaenea, na biashara ya nyumba za wageni, safari za baharini na teksi ikahamia mtandaoni. Leo mgeni wa Diani huenda akawa ameandikiana na mwenyeji wake mara kumi kabla ya kupanda ndege.

Janga la Covid-19 lilitilia nguvu mabadiliko hayo. Kati ya mwisho wa Machi na Agosti 1, 2020, Kenya iliposimamisha safari za kawaida za abiria kutoka ng'ambo, uhusiano wa wenyeji wengi na wateja wao ulibaki katika maandishi peke yake.

Katika maandishi hakuna tabasamu. Neno hubeba mzigo wote, na ndiyo maana swali la adabu ya lugha, ambalo awali lilionekana kuwa la wataalamu wa isimu, sasa ni swali la mkate wa kila siku.

Makosa ya aina mbili

Wataalamu wamelitafakari jambo hili kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1960 na 1970, mwanaisimu Mmarekani Dell Hymes alitoa hoja kwamba kuijua lugha ni zaidi ya kuijua sarufi yake. Ni lazima pia mtu ajue lipi linafaa kusemwa, kwa nani, wapi na lini.

Mwaka wa 1983, mtaalamu Jenny Thomas aliyagawa makosa ya aina hii katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni pale mtu anapojua anachotaka kusema, lakini akakieleza kwa muundo ambao katika lugha ya pili una uzito tofauti. Kuitafsiri "Mbona kimya?" neno kwa neno ni kosa la fungu hilo.

La pili ni pale jamii mbili zinapotofautiana kuhusu jambo lenyewe linalofaa kusemwa. Katika vijiji vya Kwale, kumuuliza mgeni kama ameoa na ana watoto wangapi ni kumjali. Kwa wageni wengi wa Ulaya, swali hilo kutoka kwa mtu wasiyemfahamu ni kuingilia mambo ya ndani.

Thomas alitaja pia jambo linalofaa kuzingatiwa na kila mwalimu. Mtu akikosea sarufi, msikilizaji humwona kuwa hajaimudu lugha. Akikosea adabu huku sarufi yake ni safi, msikilizaji humwona kuwa mtu mbaya. Hivyo basi, kadiri Kiingereza cha kijana kinavyokuwa kizuri, ndivyo msomaji anavyozidi kuamini kwamba ujeuri ule ulikusudiwa.

Mifano ya Pwani ni mingi. Mswahili humheshimu mtu mzima kwa kumwita mzee. Neno hilo likigeuzwa kuwa "old man" huwa tusi. Mwanamke wa makamo anayeitwa "mama" kwa heshima anaweza kujiuliza ni wapi alipoonekana kuwa mkongwe. Anayesema "You have become fat" kumsifu mteja aliyerudi baada ya mwaka hujikuta akitazamwa kwa jicho kali.

Kuna pia suala la kukataa. Adabu ya Pwani haipendi kumkatalia mtu waziwazi. "Inshallah" au "tutaona" huweza kuwa njia ya upole ya kusema kwamba jambo halielekei kuwezekana, na mwenyeji mwenzako huelewa. Mgeni anayesoma "Yes, we will see, no problem" huandika kwenye shajara yake kwamba ameahidiwa. Siku inapofika na mashua haipo, humwita mwenyeji mwongo.

Upande wa pili nao una mitego. Meneja wa Kiingereza anayemwandikia mfanyakazi "You might want to look at this again" hampi hiari. Anamwagiza airudie kazi. Mfanyakazi aliyezoea agizo kutolewa kama agizo anaweza kuuchukulia ujumbe huo kuwa ushauri, akauacha, kisha akashangaa kuitwa ofisini.

Hatari kubwa zaidi ni ya kudhaniwa tapeli. Salamu ndefu, dua, neno "dear" na ombi la msaada wa haraka ni mambo ya kawaida katika barua ya Mwafrika Mashariki aliyelelewa vyema. Kwa bahati mbaya, hayo ndiyo mambo ambayo walaghai wa mtandaoni wameyatumia kwa miaka mingi, na mgeni amefunzwa kuyakimbia. Kijana mwaminifu hupoteza mteja kwa sababu ya heshima yake mwenyewe.

Shule hufunza nini?

Itakuwa si haki kudai kwamba shule za Kenya zimelipuuza somo hili kabisa. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE hutahini uandishi wa kiuamilifu, zikiwemo barua-pepe, na huwa na maswali ya stadi za mazungumzo ambamo mtahiniwa huweza kuulizwa ni wapi mhusika alikosa adabu.

Aidha, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2017 umetaja mawasiliano na ushirikiano, pamoja na ujuzi wa kidijitali, miongoni mwa umilisi wa kimsingi saba ambao kila mwanafunzi anapaswa kuupata.

Tatizo ni kwamba barua-pepe ya mtihani haisomwi na mtu aliyeandikiwa. Husomwa na mtahini, naye hutafuta anwani, mada, aya na hitimisho. Hakuna anayeudhika wala anayefurahi. Mwanafunzi humaliza kidato cha nne akijua umbo la barua-pepe bila kuwahi kuona athari yake. Kadhalika, shule nyingi za upili haziruhusu simu, hivyo chombo ambacho kijana atakitumia kazini kila siku ndicho asichojifunzia darasani.

Utafiti wa Kathleen Bardovi-Harlig na Zoltán Dörnyei, uliochapishwa mwaka wa 1998, unasaidia kueleza athari ya hali kama hiyo. Walipowalinganisha wanafunzi wa Kiingereza waliokuwa Hungary na waliokuwa Marekani, wa Hungary waliona makosa ya sarufi kuwa mazito zaidi, ilhali wale wa Marekani walishtushwa zaidi na makosa ya adabu. Aliyejifunzia lugha darasani huogopa kalamu ya mwalimu. Anayeishi na wenye lugha huogopa kuwaudhi watu.

Kijana wa Diani yuko katikati. Amejifunza Kiingereza kwa kuogopa kalamu, lakini riziki yake inategemea watu.

Mtandao kama darasa

Hapa ndipo mawasiliano ya mtandaoni, ambayo yameleta tatizo, yanapoweza kuwa sehemu ya tiba. Yana sifa tatu ambazo mazungumzo ya ana kwa ana hayana. Maandishi hubaki, kwa hivyo yanaweza kusomwa tena na kuchunguzwa. Humpa mwandishi muda wa kufikiri kabla ya kutuma. Na huenda kwa mtu halisi, ambaye jibu lake, au kimya chake, ni alama ya haki kuliko ya mtahini.

Majaribio ya aina hii yamefanywa kwingineko. Mwaka wa 1997, chuo cha MIT nchini Marekani kilianzisha mradi wa Cultura, uliowaunganisha wanafunzi wa Kimarekani waliojifunza Kifaransa na wanafunzi wa Kifaransa waliojifunza Kiingereza. Kila upande ulijibu hojaji zilezile kwa lugha yake, kisha majibu yakawekwa bega kwa bega na kujadiliwa mtandaoni. Wanafunzi waligundua kwamba maneno waliyodhani kuwa sawa hayakubeba maana sawa.

Watafiti Julie Belz na Celeste Kinginger nao, katika makala zilizochapishwa mwaka wa 2002 na 2003, walieleza habari za Wamarekani waliokuwa wakijifunza Kijerumani na kuandikiana na vijana wa Ujerumani. Wamarekani hao walichanganya "Sie" ya heshima na "du" ya wenzao. Kitabu kilikuwa kimewaeleza kanuni, lakini ni pale marafiki wa Kijerumani walipowaambia kwamba "Sie" haifai baina yao ndipo wengi walipoanza kubadilika.

Barua-pepe za Kiingereza pia zimechunguzwa. Mwaka wa 2011, Maria Economidou-Kogetsidis alichapisha uchambuzi wa zile ambazo wanafunzi wa Cyprus wanaozungumza Kigiriki waliwaandikia wahadhiri wao. Alikuta maombi ya moja kwa moja, maneno machache ya kulainisha, na mara nyingine salamu zilizokosekana. Si watu wa Pwani ya Kenya pekee wanaojikwaa hapo.

Je, somo kama hilo lingekuwaje Diani? Halihitaji maabara ya kifahari. Mwalimu anaweza kuchukua ujumbe halisi ambao mwenyewe ameridhia utumiwe, akaondoa majina, kisha akawauliza wanafunzi maswali matatu yanayotokana na kazi ya Penelope Brown na Stephen Levinson kuhusu adabu: Je, watu hawa wanajuana kiasi gani? Ni nani mwenye mamlaka juu ya mwenzake? Na jambo linaloombwa ni zito kiasi gani?

Baadaye kila mwanafunzi aandike ombi moja mara tatu: kwa rafiki, kwa mgeni asiyemjua, na kwa meneja. Ujumbe utumwe kwa darasa shirika la ng'ambo, na wenzao waeleze walivyohisi walipousoma. Hatimaye zamu igeuke, nao wa ng'ambo waandike kwa Kiswahili na wasomwe na vijana wa Diani.

Mahali pa kuanzia pawe adabu ambayo mwanafunzi tayari anayo. Anayejua kubisha hodi na kungoja ajibiwe hahitaji kufunzwa heshima. Anahitaji kuonyeshwa kwamba "I was wondering whether" ni hodi ya Kiingereza. Anayejua tofauti ya "nipe" na "naomba unipe" tayari ameelewa kulainisha ombi. Kiswahili hulainisha kwa kitenzi, na Kiingereza mara nyingi hulainisha kwa swali.

Kiingereza cha nani?

Wapo watakaouliza kama mpango huu hauwarudishi vijana kwenye unyenyekevu wa kikoloni. Swali hilo ni la haki. Historia ya Kenya ina kumbukumbu ya Kisetla, Kiswahili kilichovunjika cha walowezi, ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa amri kwa watumishi. Walowezi hao waliishi nchini kwa miongo kadhaa bila kuona haja ya kujifunza kuomba, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuwakosoa.

Hadi leo mgeni hufika Diani na "Jambo" peke yake, neno ambalo biashara ya utalii na wimbo maarufu wa Them Mushrooms wa mwaka wa 1982 zililisambaza duniani. Mswahili hamsalimu mwenzake hivyo, lakini humsamehe mgeni na kumjibu kwa furaha. Mwenyeji anapokosea Kiingereza, mara nyingi hapati msamaha kama huo. Mizani haijalingana.

Kwa sababu hiyo, lengo lisiwe kuwafanya vijana wa Kwale kuwa Waingereza bandia. Kwanza, wageni wengi wa Diani ni Wajerumani, Waitaliano au Wapolandi, ambao Kiingereza kwao pia ni lugha ya kuazima. Maneno mengi ya kuzungukazunguka yanayompendeza mtu wa London yanaweza kumchosha mtu wa Berlin. Pili, Kiingereza cha Kenya kina adabu zake, mathalani "sorry" ya kumpa mtu pole, ambazo hazina aibu yoyote.

Lengo ni uwezo wa kuchagua. Kijana ajue jinsi kauli yake itakavyosomwa, kisha aamue mwenyewe awe mpole, awe mkali au aseme hapana. Anayejua kukataa kwa Kiingereza bila kuudhi na bila kuahidi asichoweza ana ulinzi ambao asiyejua hana. Neno "hapana" lililosemwa vizuri ni sehemu ya heshima ya mfanyakazi.

Suala la ulinzi halina mzaha katika eneo hili. Ripoti ya serikali na UNICEF ya mwaka wa 2006 ilifichua jinsi watoto wa Pwani, Diani ikiwemo, walivyokuwa wakidhulumiwa katika biashara ya ngono inayohusishwa na utalii. Mpango wowote wa kuwaandikisha wanafunzi kwa watu wa ng'ambo ni lazima uwe baina ya shule na shule, chini ya macho ya walimu, bila kubadilishana nambari za simu. Na ujumbe wa watu halisi usitumiwe darasani bila idhini yao, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019.

Mashine na mwalimu

Tangu ChatGPT ilipozinduliwa mwishoni mwa mwaka wa 2022, kumekuwa na jibu jingine lililo rahisi: kijana aiachie programu imwandikie. Inaweza kugeuza "Send it today" kuwa kauli tamu kwa sekunde chache, na hakuna haja ya kumkataza asiitumie.

Hata hivyo, programu haijui mgeni ni nani isipoambiwa. Asiyejua tofauti ya ombi na amri hatajua la kuiambia, wala hatatambua pale itakapozidisha asali hadi mgeni ashuku. Tena mgeni atafika. Atashuka katika uwanja mdogo wa ndege wa Ukunda au atavuka kivuko cha Likoni, na yule aliyeandika kama karani wa benki atasimama mbele yake akisema, "You, come here." Pengo hilo lenyewe huzua shaka.

Kwa upande mwingine, programu hizo zinaweza kuwa kifaa cha somo. Mwalimu asiye na darasa shirika anaweza kuwapa wanafunzi ujumbe mmoja uliosahihishwa na mashine na mwingine ulioandikwa na mtu, wajadili upi unafaa na kwa nini. Thamani iko katika hiyo "kwa nini".

Nani aanze?

Serikali ya Kaunti ya Kwale haina sababu ya kungoja Nairobi. Chini ya Katiba ya mwaka wa 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti. Humo ndimo wanamofunzwa wapishi, mafundi na wahudumu ambao kesho wataandikiana na wateja. Saa mbili kwa wiki za kuandika, kusomana na kuandika upya zingetosha kuanza.

Wenye hoteli na nyumba za wageni nao wana jukumu. Wao ndio wenye hazina ya maswali ya wageni na majibu yaliyofaulu au kufeli. Mara nyingi mfanyakazi hukemewa kwa jibu baya bila kuelezwa ubaya wake uko wapi. Kukemea huko hakumfunzi lolote isipokuwa kunyamaza.

Nao wageni wasisahauliwe. Kijitabu kinachowaeleza bei za teksi kinaweza pia kuwaeleza kwamba "Hujambo" hujibiwa, kwamba salamu hutangulia haja, na kwamba anayeuliza habari za watoto wako hapelelezi. Adabu ni njia ya pande mbili.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakuwaza kwamba siku moja ulimi ungekuwa kidole chenyewe, kikibonyeza simu chini ya mnazi Ukunda.

Yule kijana wa mfano hakuhitaji Kiingereza kigumu zaidi. Angeandika: "Thank you for writing to us. We usually ask for a small deposit to keep the boat for you. Would that be all right?" Na mgeni aliponyamaza, angeongeza: "I hope all is well with you. The boat is still free on that day." Sarufi ni ileile, bei ni ileile, na arubuni haikupungua hata shilingi. Kilichoongezeka ni hodi, na kijana huyo alikuwa akiijua tangu utotoni.